Binamu, skripti yako ituonyeshe kabla ya kugusa

Binamu,

Habari za Nakuru? Huku Kisumu sote tu wazima.

Nakuandikia kuhusu skripti yako ya kuandaa seva. Juzi usiku, nikiwa nyumbani Kondele, niliingia kwa SSH, ile njia ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwenye seva ya kikundi chetu iliyoko Maseno nikaiendesha. Ikaweka saa za Africa/Nairobi, ikawasha ukuta wa moto ufw, ikasasisha programu. Nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi nikakataliwa mlangoni: Permission denied. Skripti ilikuwa imeandika PasswordAuthentication no, yaani hakuna kuingia kwa neno siri, katika /etc/ssh/sshd_config, nami sikuwa nimeweka ufunguo wangu wa SSH kule. Usiku sikugundua lolote, kwa maana sshd, programu inayopokea wanaoingia kwa SSH, ikiwashwa upya haikati kikao kilicho wazi. Ikabidi nipande matatu ya Busia nishuke Maseno, niazime kibodi na skrini, nichuchumae kando ya seva ile nibadilishe no iwe yes.

Kufunga njia ya neno siri ni sawa kabisa. Ukisoma kumbukumbu ya wanaojaribu kuingia, /var/log/auth.log, utaona watu wanavyobahatisha maneno siri usiku kucha. Ninachoomba ni chaguo moja jipya, tuseme --jaribio, lipitie hatua zote bila kugusa kitu na kuchapisha kila mstari utakaobadilika. Amri nyingine tayari zina chaguo kama hilo: apt-get ina -s, rsync na make zina -n. Mimi huzitumia kila siku.

Kazi iko kwenye zile sed -i, amri za kubadilisha faili papo hapo, zilizotapakaa kila mahali. Tafadhali usiweke sharti la if mbele ya kila moja, maana utasahau mojawapo, na jaribio linalogusa faili kimyakimya ni baya kuliko kukosa jaribio. Zipitishe zote kwenye fanksheni moja: inakili faili, ibadilishe nakala, iilinganishe na faili asili kwa diff -u ili tofauti zionekane, kisha iitupe ikiwa ni jaribio au iiweke mahali pake. Kwenye jaribio, amri za systemctl, zile za kuwasha huduma upya, zichapishwe tu. Na ikikuta authorized_keys, faili ya funguo zinazoruhusiwa kuingia, haipo au ni tupu huku neno siri linafungwa, isimame ipige kelele. Hilo peke yake lingeniokolea safari.

Nina laptopu kuukuu hapa mezani, na kibodi yake iko karibu. Nitumie toleo la kwanza hata likiwa nusu, nitaliendesha siku hiyohiyo nikutumie lilichochapisha.

Nisalimie shangazi.