Salamu za Novemba kwa ukoo na marafiki

Wanakwetu mlioko Mwanza na mlioko mbali, mwangaluka! Heri ya Watakatifu Wote, na tuungane pia tarehe 2 kuwaombea Marehemu Wote. Vuli imeshagusa Nyakato, kumbikumbi wamejaa kwenye taa, na makaburini watu wanafyeka.

Mwaka huu nasi tuna pa kufyeka. Baba mdogo, aliyepanda meli ya Bukoba mwaka 1978 akiwa mgambo, amerudi. Ilikuwa tarehe 2 Novemba mwaka ule Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Idi Amin tunavyo. Vijana wakavuka Mto Kagera kumtimua mvamizi, na yeye hakusikika tena. Bibi amekufa akikataa kuanua matanga ya mtu ambaye hakumwona maiti.

Mifupa iliibuliwa na mkulima akichimba mashimo ya migomba, ng'ambo ya Kyaka. Pamoja nayo kilikuwepo kijiko cha aluminiamu kilichokwaruzwa jina kwa msumari, herufi N ikiwa imegeuzwa. Shangazi alipokishika hakungoja daktari. "Huyu ni kaka yangu. N hii ilimchapisha viboko mpaka darasa la tatu." Vipimo na makaratasi vilifuata, tena kwa mwendo wa kinyonga. Tuyaache.

Ubishi ulikuwa kwenye jeneza. Wazee walisema mifupa michache inatosha sanduku dogo, la nini gharama? Shangazi akawaka: kaka yake aliondoka mtu mzima, harudi nyumbani kama mtoto mchanga. Likanunuliwa jeneza refu, na mimi naona alikuwa na haki. Njiani tulisimama Kaboya, Muleba, walikolala wenzake zaidi ya 600 wa vita ileile, watu wakashuka wakasali. Kisha tukavuka daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, pale ambapo juzijuzi tu tulikuwa tunasota foleni ya kivuko. Jioni akazikwa ubavuni mwa mama yake. Risasi zilipopigwa hewani, watoto waliziba masikio huku wakicheka, na hakuna aliyewakemea.

Wenye mzee aliyepigana vita ile, naomba sikukuu hii mkae naye. Wengi wameshavuka sabini. Muulizeni aliwazika wapi wenzake: mti gani, kijito gani, ni kabla ya daraja au baada yake. Andikeni. Kuna nyumba hapa kanda ya ziwa ambazo bado hazijaanua matanga.

Tarehe 2 tunakutana makaburini saa kumi jioni, baada ya misa. Shangazi anasema mje na majembe, maana mvua imetitisha udongo upande wa miguuni. Chai na viazi vitamu viko kwake.