Harambee ya Jiko la Shule: Tuwapatie Watoto Wetu Uji wa Saa Nne

Ndugu wazazi, wavuvi, akina mama wa mwaloni na wana wa Kigoma popote mlipo: Assalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi kamati ya shule ya msingi ya kijiji, hapa mwambao wa Ziwa Tanganyika, tunawaomba mtuchangie tumalizie jiko la shule, watoto waanze kupata uji kila siku ya masomo.

Mkazi wa mwambao anajua alfajiri zetu zilivyo. Mitumbwi inarudi na dagaa jua halijachomoza, na mama asipowahi mwaloni anakuta mzigo umeshagombaniwa. Akinunua, lazima aanike mapema, ageuze, afukuze kunguru. Nyumbani hakuna wa kuwasha moto. Mtoto anajiamsha, ananawa uso, anashika daftari na kwenda shule tumbo tupu. Hatumlaumu mama yeyote, maana dagaa hao ndio sare, ndio viatu, ndio madaftari. Ila ikifika saa nne pitieni darasa la kwanza. Mtamwona mtoto amelaza shavu juu ya dawati, macho wazi, penseli bado ipo mkononi. Mwalimu akimwita anaitika. Akiulizwa swali anamtazama tu. Wengine wakitoka mapumziko hawarudi tena, wanashuka mwaloni kuokota dagaa waliodondoka.

Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, imewafungulia wengi mlango wa darasa na tunaishukuru Serikali. Chakula cha shuleni kimebaki mikononi mwa wazazi na jamii, yaani sisi.

Tumekaa na walimu tukapiga hesabu. Mtoto akipata gramu 50 za unga kwa siku, kilo moja inatosha watoto 20. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji kilo zisizofika 10 kwa mwaka mzima. Gunia moja la kilo 100 ni watoto 10, Januari hadi Desemba. Mvuvi anayesema hana cha kutoa, na afikirie debe moja tu la mahindi. Hapo ameshabeba karibu watoto wawili.

Uji wenyewe tutautia karanga na kijiko cha mawese. Haya mawese yetu mekundu, ambayo mjini wengine wanayaonea haya, yana vitamini A ya kulinda macho ya mtoto, na hapa Kigoma hayahitaji kuagizwa kokote. Mahindi tutanunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tuweke ghalani. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, kila nyumba ilionja maana ya kukosa akiba.

Boma la jiko limefika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi. Bado mbao, bati, misumari, saruji ya sakafu, jiko banifu lisilokula kuni nyingi, na masufuria makubwa. Mpishi atalipwa posho. Tulifikiria akina mama wapike kwa zamu bure, tukaona si haki kumwongezea mzigo mtu ambaye ameamka saa tisa usiku.

Kwenu mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Lubumbashi au Ulaya, pamoja na rafiki zenu wanaopenda kusaidia watoto wa huku: tafadhali msitume maboksi ya nguo za mitumba. Reli kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na gharama ya mzigo inaweza kuzidi thamani ya kilichomo. Fedha itanunua mahindi kwa mkulima wa Kasulu, naye ana watoto pia. Anayetaka kuja kujitolea, karibu sana, aje na ujuzi tunaoukosa: lishe, macho na meno, mfumo wa kuvuna maji ya mvua. Wa kubeba tofali tupo. Na watoto wasipigwe picha bila ruhusa ya wazazi wao.

Hakuna mtoto atakayenyimwa kikombe kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Hilo kamati imeliandika kwenye muhtasari, halina mjadala.

Fedha ziingie akaunti ya shule, namba ipo kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji. Usimkabidhi mtu mkononi bila stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwezi na kusomwa kwenye mkutano wa wazazi.

Harambee ni Jumamosi ya mbalamwezi inayokuja, mitumbwi ikiwa imepumzika, saa mbili asubuhi uwanja wa shule. Wanaume njooni na koleo na ndoo, tuna mchanga wa kusomba kutoka ufukweni. Mahindi, karanga na mawese vitapokelewa na kupimwa pale pale mezani.