Marubani wa Wilson wanahitaji zaidi ya macho

Mhariri,

Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imebeba watu 44 kutoka Uwanja wa Wilson kwenda Diani, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Dash 8 ilirejea salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna walifariki.

Tangu siku hiyo huniuma kila nisikiapo watu wakiuliza, "Kwani hawakuonana?" Swali hilo linawaonea marubani. Katika Cessna 172 bawa liko juu ya kichwa cha rubani, kwa hiyo anapokata kona bawa hushuka na kumziba upande uleule anaoelekea. Tena ndege inayokuja kukugonga haisogei kiooni: hukaa palepale kama doa la vumbi, kisha ghafla hujaza kioo kizima, ilhali jicho la binadamu huvutwa na kile kinachosogea.

Ndiyo maana naisihi Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ihakikishe kwamba kila ndege ya mafunzo inayotumia Wilson ina kifaa cha kumwonyesha rubani ndege zilizo karibu naye, na kwamba wanafunzi wanaojifunza kupaa na kutua wanapangiwa saa ambazo ndege za abiria ni chache. Vifaa hivyo ni ghali kwa shule ndogo, na serikali ingefanya vyema kuviondolea ushuru.

Msomaji wenu,
Nairobi