Baridi ya Ufini iko nje, ya Mafinga iko chumbani

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Wiki tatu zilizopita, alfajiri, tulivunja mlango wa jirani yangu hapa Mafinga, wilayani Mufindi kwenye nyanda za juu za Iringa, tukamtoa yeye na wanawe wawili wakiwa hawajitambui. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba. Wamepona, Mungu ashukuriwe. Tangu siku hiyo kila mpita njia anatukumbusha kwamba mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na gazeti lako nalo limeandika hivyo. Sawa. Ila onyo hilo linaishia njiani. Mtu ameambiwa atoe jiko; hajaambiwa watoto watalalaje Julai kwenye nyumba ya bati tupu, ambamo ukungu unaingia kati ya ukuta na kenchi bila hodi.

Mimi ni seremala. Kazi yangu ni fremu, milango na madirisha. Desemba iliyopita dada yangu aliyeolewa Ufini, nchi ambayo wengi mnaiita Finland, alitulipia tiketi mimi, mama watoto na watoto wetu wawili. Tukatembea siku tisa: Helsinki, kisha Tallinn ya Estonia, kisha Riga ya Latvia, na kurudi. Viza ni moja kwa nchi zote tatu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mwanangu wa miaka minane, na binti wa miaka minne hakulipiwa kitu. Juu yake bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na alama za vidole. Usumbufu wote huo uliishia Dar es Salaam. Waliozoea foleni za Tunduma watashangaa kusikia kwamba basi la kutoka Tallinn kwenda Riga lilivuka mpaka mimi nimesinzia, na hakuna aliyetusimamisha.

Nguo za baridi mke wangu alizinunua kwenye mitumba ya soko la SIDO, Mbeya. Dada alipofungua mzigo akacheka hadi akakaa chini. Jaketi la kijana lilikuwa na kibandiko cha Kifini. Lilikuwa limekuja kwetu kwa meli, sasa limerudi kwao kwa ndege.

Nilikwenda nikijigamba. Mtu wa Mufindi aogope baridi? Asubuhi ya kwanza Helsinki ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Jua lilichomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, likazama saa tisa na robo alasiri, na binti yangu akauliza kwa nini kunakuchwa kabla hakujakucha vizuri. Nje masikio yaliuma kama yanachomwa pini. Lakini tulipoingia ndani tulivua majaketi, tukavua sweta, na watoto wakashinda na fulana. Ukutani palikuwa na kipimajoto kidogo: nyuzi 21. Usiku nilijifunika shuka moja. Nyumbani Mafinga mwezi wa saba nalala na blanketi mbili na soksi, na bado pua inakuwa ya mbwa.

Mtaniambia wale ni matajiri. Ni kweli, nyumba nyingi za Helsinki hupata joto kwa maji ya moto yanayotoka mitamboni na kupita kwenye mabomba chini ya barabara. Hilo halituhusu, nasi hata maji ya baridi hatuyapati kila siku. Kilichonishika mimi ni nyumba ya baba mkwe wa dada, mzee wa zaidi ya miaka 80, mwendo wa saa moja nje ya mji. Nyumba ya mbao, ya zamani, isiyo na mitambo hiyo. Aliponiona nimechuchumaa napapasa fremu yake, akajua amepata mwenzake. Lugha hatukuelewana, dada akawa katikati.

Dirisha lake lina mabawa mawili, moja nje na jingine ndani, na kati yake pana nafasi ya kama upana wa kiganja. Katika nafasi hiyo, chini, amelaza pamba. Bawa la ndani huzibwa pembeni kwa ukanda wa karatasi kila vuli, nao hubanduliwa majira ya joto yakifika. Karatasi, ndugu zangu! Mlangoni ukifungua unakutana na kijichumba cha hatua mbili, halafu mlango wa pili, na ni mwiko kuifungua yote kwa pamoja. Mbao zenyewe ni paini kama ya msitu wetu wa kupandwa wa Sao Hill, lakini pete zake zimebanana kama kurasa za kitabu, maana kule mti husubiriwa miaka 60 hadi 100, nasi tunaukata ukiwa na 20 au chini yake.

Kisha akanipandisha ngazi, akafungua kifuniko cha dari na kumulika tochi. Mhariri, niliona maranda. Maranda ya mbao, yale yale, makavu, yamemwagwa juu ya dari yote kwa kina cha zaidi ya futi moja. Akasema na kuta zake pia zimejazwa hayo, baba yake aliyabeba kutoka kiwanda cha mbao cha jirani. Wafini walifanya hivyo kwa vizazi kabla ya kuja kwa sufi za viwandani. Hewa iliyonaswa katikati ya maranda haisogei, na joto halipati njia ya kutoka.

Nilisimama kwenye ile ngazi nikafikiria Mafinga. Kila kiwanda cha mbao kuanzia kwetu hadi Makambako kina kilima cha maranda. Wafuga kuku huchukua viroba vichache. Kilichobaki kinapigwa kiberiti, na moshi wake tunaunusa wiki nzima. Tunachoma blanketi halafu tunaingiza mkaa ndani.

Tallinn na Riga nitazipita haraka, ingawa watoto wangependa niandike juu ya meli ya saa mbili iliyotuvusha bahari, na juu ya miji hiyo miwili inayogombea mti wa kwanza wa Krismasi, mmoja ukitaja mwaka 1441 na mwingine 1510. Mimi Riga nilivuka mto Daugava nikaangalie nyumba za mbao za mitaa ya zamani. Mke wangu alisema nimesafirishwa bure kwenda kuchungulia madirisha ya watu. Na wapita njia kule gizani huning'iniza reflekta kwenye makoti, hata bibi wa kwenda dukani. Kwa ukungu wetu na watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara kuu, hilo lina barua yake.

Mei mwaka huu nilijaribu chumba cha watoto. Maranda nilipewa bure, kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikaenda safari mbili. Niliyaanika yakakauka kabisa, nikachanganya na chokaa kidogo kwa ajili ya wadudu, nikatandika sandarusi juu ya dari na kuyamwaga juu yake, nyaya za umeme nikazipitisha kwenye paipu na kuziweka mbali, kwa sababu maranda na cheche si marafiki. Nikaziba mwanya wa ukuta na bati, nikaacha tundu dogo la hewa lenye kifuniko. Dirisha nikaliongezea bawa la ndani. Dada alinipa kipimajoto kile kidogo. Alfajiri moja ya Julai chumba chetu kilisoma nyuzi 12, cha watoto 16. Si 21, najua. Lakini hakuna jiko mle ndani.

Ombi langu ni kwa wanaochora ramani na wanaozipitisha kwenye halmashauri zetu za Mufindi, Njombe na Makete. Ramani tunazoletewa ni za pwani: madirisha mapana ya aluminiamu ya kusukuma yasiyobana, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, dari ni hiari ya mwenye nyumba. Hata madarasa tunayajenga hivyo, na Juni mwalimu anafundisha amevaa koti. Chumba cha kulala cha huku kichorwe na dari tangu mwanzo. Na wenye viwanda watuachie maranda makavu sehemu ya kuchukulia badala ya kuyachoma.

Mafundi wenzangu wanaotaka kuiona dari hiyo waje, ngazi ipo. Waje upesi lakini, kwani mke wangu ameshahamishia kitanda chetu kwa watoto, na ameapa hakirudi hadi nipandishe maranda upande wa pili.

Fundi seremala,
Mafinga, Iringa