Mlango wa gereji ukitoka kwenye reli, usibonyeze rimoti tena

Umebonyeza rimoti, mlango ukapanda hadi nusu, ukakwaruza kwa kelele kama bati linalochanwa, kisha ukasimama mshazari: upande mmoja juu, mwingine chini. Wengi hapo hubonyeza tena wakidhani utajirudi wenyewe. Haujirudi. Uharibifu mkubwa tunaoukuta kwa wateja wetu mara nyingi hauletwi na gurudumu lililochomoka, bali na mota iliyoendelea kuvuta baada ya hapo. Paneli zinakunjika, reli inapinda, na kazi ya gurudumu moja inakuwa kazi ya mlango mzima.

Kwa hiyo kwanza chomoa plagi ya mota, na mtu yeyote asipite chini ya mlango, hasa watoto. Mlango wa magari mawili unaweza kuvuka kilo 100, na kinachoubeba uzito huo ni springi pamoja na nyaya za pembeni. Mota inasaidia kidogo tu. Ndiyo maana hatushauri kuvuta ile kamba nyekundu ya dharura, inayotenganisha mlango na mota, mlango ukiwa juu. Kama springi imekatika, mlango unaweza kuanguka wote kwa mpigo.

Sasa mulika kwa tochi, bila kugusa. Waya umelegea na kuning'inia? Springi ina pengo katikati ya mizunguko yake? Basi ishia hapo, mwite fundi. Na boliti za kile chuma cha pembeni chini kabisa, panaposhikiliwa waya, usizifungue hata kidogo: zimebeba mvuto wote wa springi na zinaweza kuruka zikakuumiza vibaya.

Kama springi na nyaya ni nzima na ni gurudumu moja tu la ubavuni lililotoka, kazi ni nyepesi. Tunabana reli kwa praizi ya kufunga, ile inayobaki imebana yenyewe, chini ya gurudumu lingine ili mlango usiteremke, tunafungua mdomo wa reli kidogo kwa koleo, tunarudisha gurudumu ndani, kisha tunaugonga mdomo urudi kwa nyundo ya mpira. Reli iliyopinda sana hatuinyooshi, tunaibadilisha, maana pale ilipopinda ndipo gurudumu litakapochomoka tena.

Halafu tunatafuta chanzo. Pengine gari liliigusa reli wakati wa kurudi nyuma. Pengine nati za vishikio ukutani zimelegea kwa mtikisiko wa kila siku. Mara nyingi ni beringi zilizokwisha: ukilishika gurudumu linacheza huku na huku kwenye mhimili wake. Jambo moja linalotusikitisha ni grisi iliyopakwa ndani ya reli kwa nia njema. Inakusanya vumbi hadi inakuwa tope gumu. Reli ifutwe ikauke. Mafuta kidogo yaende kwenye beringi na bawaba.

Kabla ya kuirudisha mota, tunauinua mlango kwa mkono hadi usawa wa kiuno na kuuachia taratibu. Ukibaki palepale, springi iko sawa. Ukishuka, imechoka: springi za kawaida hutengenezwa kuhimili takribani mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga, yaani kama miaka 7 kwa mlango unaofunguliwa mara 4 kwa siku. Mlango usiotulia kiunoni hatuuungi na mota, hata mteja awe na haraka kiasi gani.