Kucheka chakula kikiungua sio kukosa uchungu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule kaka aliyeandika kwamba wanawake wa siku hizi chakula kikiungua au vyombo vikivunjika wanakaa wanacheka na kupiga picha za kuweka status badala ya kusikitika, ati ni dalili ya kutokuwa na uchungu na hela ya mwanaume. Ile barua niliisoma kwa sauti kibarazani hapa kwetu Mwanga, Kigoma, huku tunachambua dagaa na wenzangu, tukaicheka sana na najua hilo nalo litamuuma, ila baadae nikasema hapana, huyu anahitaji majibu maana inaelekea hajawahi kukaa jikoni zaidi ya ule mda wa kuuliza chakula bado?

Kwanza nianze na wanaume wenyewe. Ukichunguza vizuri vituko vingi vya majumbani vinaanza pale mtu asiyeingia jikoni anapoamka na wazo kwamba leo na mimi nisaidie. Tuna jirani yetu, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, anachomekea shati hata akienda dukani kununua kiberiti. Watoto wake walioko Dar wakamtumia mama yao presha kuka. Mama siku hiyo akabandika maharage ya Kasulu akajaza karibu mpaka juu (wenye nazo mnajua maharage hayatakiwi kuzidi nusu, yanavimba na maganda yanapanda kwenda kuziba kile kitundu cha mvuke), alafu akasema natoka mara moja nafata kikapu changu kwa mwenzangu, na hiyo mara moja yetu wanawake mnaifahamu. Mwalimu kabaki sebuleni na taarifa ya habari. Kile kidude kikawa kinalia tsii tsii tsii, mara kikanyamaza, yeye akajua yameiva, kumbe kimenyamaza kwa sababu kimeziba. Akaenda akashika mfuniko, ukagoma. Akashika na kanga, ukagoma. Sasa badala ya kuzima jiko aachie hapohapo lipoe, akachukua mwiko akaanza kuligonga juu kama anayebisha hodi.

Zile presha kuka zina kiraba cha usalama, presha ikizidi kinafyatuka ili sufuria lenyewe lisipasuke. Kikafyatuka.

Mlio ulisikika mtaa mzima. Sijui nani akapiga kelele GESI IMELIPUKA basi kila mtu akaanza kuokoa anachokipenda na siku hiyo ndo tulijuana vizuri, kuna aliyetoka na tivii, kuna aliyetoka amekumbatia dumu la mawese kamuacha mtoto mchanga kitandani (alirudi jamani, alirudi mbio), na kuna kijana mmoja mpangaji alitoka na pasi ya umeme na mpaka leo ukimuuliza kwa nini pasi anaondoka. Tulivyopata ujasiri wa kuingia tukamkuta mwalimu kasimama katikati ya jiko, mzima hana hata mchubuko, mwiko mkononi, miwani imejaa mchuzi, na huko juu maharage yamenata kwenye jipsam yanadondoka moja moja kwenye upara wake, pu, pu, kila likidondoka anafumba macho ila hasogei. Hamna aliyeongea. Mkewe ndo akaingia na kikapu chake, akaangalia dari, akaangalia sakafu, akasema, "Mwalimu, si ungesubiri nikupakulie?"

Aliyeanza kucheka ni mwalimu mwenyewe. Sasa huyo kaka wa barua angependa tufanyeje pale, tukae matanga? Maharage yalishaenda darini, hela ilishaenda, hata ungelia mpaka jioni hayashuki yakarudi kwenye sufuria. Na nyumba ile ingekuwa na mwenye roho ya huyo kaka basi yule mama angelala anasemwa, umejaza sana, umetoka umeacha jiko, na mwalimu angejibiwa nani alikutuma, wiki nzima hawasalimiani. Kicheko ndo kilimaliza kesi, wote wawili walikuwa na makosa na wote wawili walicheka, ikaisha.

Alafu huku kwetu Kigoma kuna mawese, hayo yana vituko vyake peke yake. Mawese yakipigwa na ubaridi wa asubuhi za mwezi wa saba yanaganda yenyewe bila friji, sisi tumezoea, dumu unaliweka juani au kwenye beseni la maji ya moto unaendelea na kazi zako. Shemeji yangu kaja kutoka Dar kwenye harusi, kaamka alfajiri ati ampikie mama mkwe wake, kakuta dumu la lita tano limeganda, basi kalipandisha dumu la plastiki kama lilivyo juu ya jiko la mkaa. Lile dumu halikulipuka wala halikupiga kelele, lilitoboka tu chini kistaarabu. Bahati mkaa ulikuwa ndo kwanza unashika pembeni, mengi yakamwagikia sakafuni na mengine yakauzima ule moto kabla haujakolea. Mama mkwe anatoka chumbani gizagiza anakanyaga, akateleza polepole kabisa amesimama wima mpaka mlango wa stoo, akaangalia miguu akaona nyekundu, akapiga yowe wameniulia mwanangu! Na huyo mwanae anayesemwa ameuawa alikuwa amelala anakoroma. Shati jeupe la harusi la shemeji lilikuwa limetundikwa hapohapo karibu na jiko, na kwa faida ya wageni wote wa mkoa huu, ile rangi ya mawese ndo ileile ya kwenye karoti, maji matupu hayaitoi, unasugua na sabuni nyingi kabla haijakauka alafu unaanika kwenye jua kali, jua ndo linaifubaza. Yeye alisugua na maji ya baridi. Kwenye harusi alikaa kakunja mikono kifuani kuanzia mwanzo mpaka keki, kwenye picha zote anaonekana kama ana hasira na maharusi.

Vya LUKU mnavijua siwezi kumaliza. Zile namba 20 za kuingiza umeme baba anasoma kwenye simu, mtoto anabonyeza, anafika kati muuza samaki anapita nje anaita elfu tano elfu tano, baba naye anasoma tano, mita inakataa, mtoto ndo anachapwa.

Ila sikatai, hela inauma, na hapa huyo kaka namuelewa kidogo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, ulikuwa kitu cha kuwekea mgeni. Jirani mmoja alihifadhi wake kwa ajili ya wakwe, paka akafungua kabati, nasema akafungua, maana mlango ulikuwa umerudishiwa. Wakwe walikula maharage. Ile siku kwa kweli yule dada hakucheka, sisi wengine tulicheka lakini tulisubiri kwanza wakwe waondoke, kuna adabu zake. Ndo maana nashangaa mtu anasema kicheko ni dharau wakati sisi ni watu wa utani toka zamani. Mtani wako anakuja msibani, mmekaa mnalia, yeye anaingia anajigaragaza, anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, anadai alipwe deni lake, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka na hakuna anayemfukuza. Msiba wa mtu unachekewa na mtani, ugali ulioungua ndo uwe mtakatifu?

Na kuna jambo huyo kaka hajaliona kabisa. Baada ya yale maharage, kila mwenye presha kuka mtaani kwetu alienda kuchungulia kitundu cha yake, wawili wakakuta vimeziba tayari. Ingekuwa mwalimu kaona aibu kafunga mlango kapaka dari rangi, wale wangejuaje? Mtu akinuniwa kwa kituko chake, cha pili anakificha, na kule kwenye kuficha ndo kuna hatari yenyewe. Serikali ina huo mkakati wa nishati safi uliozinduliwa Mei 2024, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, maana yake mitungi ya gesi na majiko ya umeme yanaingia kwenye nyumba ambazo bibi na mama walijua kuni na mkaa tu. Vituko vinakuja vingi bhana. Bora visimuliwe.

Nisije nikaeleweka vibaya, yapo ya kutocheka. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria usimwage maji, nimeona mtu anabeba ndoo ikabidi tumshike kiuno. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke ghafla na kurusha ule moto wote juu. Unazima jiko kama unalifikia, unafunika na mfuniko, unaacha hapohapo, sufuria usilibebe kulitoa nje. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima taa, ile gesi inatambaa chini sakafuni, fungua milango na madirisha mtoke. Jiko la mkaa usilale nalo ndani umefunga, sumu yake haina harufu, hutashtuka. Na mtoto akiungua ni maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 alafu hospitali, hiyo dawa ya meno mnayopaka watoto acheni, hata ute wa yai acheni. Moto ukizidi uwezo wenu piga 114, Zimamoto, ni bure. Hapo sicheki na wala sitaki mtu anicheke.

Vingine vyote vilivyobaki, chapati iliyogoma kutoka kwenye kikaango, kanga iliyochuja rangi kwenye nguo nyeupe zote za ndani za baba, bomba lililoachwa wazi maji yalipokatika kwa mgao, yakarudi saa nane usiku watu wamelala na godoro lipo chini, hivyo ni mali ya umma vitolewe.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni hili. Kila wiki mnatupa mapishi, unga kiasi hiki, kitunguu kimoja kikubwa, na picha ya chakula kisichofanana na cha mtu yeyote ninayemjua. Sijawahi kuona mmeandika kilichotokea pale mpikaji alipoenda kupokea simu. Tengeni kona ndogo, hata hapo chini ya mapishi hayohayo, watu watume vituko vyao vya nyumbani, kimoja kimoja, kifupi. Majina msiandike maana Mwanga, Gungu na Ujiji tunajuana, mtu akisoma tu "mpangaji aliyetoka na pasi" keshajua ni nani. Mimi nina vya kuanzia vya mwezi mzima na hapo sijagusa ukoo wa mume wangu. Mwalimu nimeshamuomba ruhusa, kasema andikeni tu hana neno, ila kwa sharti moja, iandikwe kwamba maharage yalikuwa yameiva.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma