Watoto wanaoona rangi katika herufi wasikemewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wazazi na walimu wenzangu wa Lamu ombi moja. Mtoto akisema kwamba herufi A ni nyekundu au kwamba 7 ni ya kijani, ilhali imeandikwa kwa wino mweusi, asikemewe, asichekwe, wala asipelekwe kuandikiwa kombe (aya zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa, na maji yake kunywewa) kwa kudhaniwa ana shetani. Nimelazimika kuandika kwa sababu binti mmoja wa mtaani kwetu alisimamishwa mbele ya wenzake darasani, akaamriwa akiri kuwa ni mwongo, naye hakuwa amesema uongo wowote.

Hali hiyo wataalamu huiita sinesthesia, yaani hisi moja kuamsha nyingine. Si ugonjwa wala si upungufu wa akili, na mara nyingi huonekana katika jamaa wa ukoo mmoja. Mwanasayansi Francis Galton wa Uingereza aliandika habari za watu wa namna hii tangu mwaka 1880, na uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa watu wapatao 4 katika kila 100 wana aina moja au nyingine ya hali hii, ingawa wale wanaoona rangi katika herufi ni wachache zaidi. Kinachowatenga na mtu anayebahatisha ni kwamba rangi zao hazigeuki: mwulize leo, kisha mwulize tena ghafla baada ya miezi mingi, naye atakutajia karibu zote kama alivyozitaja mwanzo.

Jambo linalonigusa zaidi ni la wale wanaosoma lugha nyingi. Mwandishi Vladimir Nabokov, aliyekulia katika Kirusi, Kiingereza na Kifaransa, alieleza kuwa A ya Kiingereza kwake ilikuwa na rangi ya ubao uliopigwa na jua na mvua, na A ya Kifaransa ilikuwa nyeusi ya mpingo uliosuguliwa, ijapokuwa umbo lake ni lile lile. Mama yake pia aliona rangi, na baadhi ya herufi zake zilikuwa na rangi zile zile alizoziona mwanawe. Nao watafiti waliowachunguza watu wanaosoma hati ya Kilatini pamoja na ile ya Kirusi wamekuta kuwa herufi zinazofanana kwa umbo huelekea kuchukua rangi moja, na nyingine hufuata sauti.

Sasa tuwatazame watoto wetu. Asubuhi wako shuleni na A, B, C. Alasiri wako chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na alifu, be, te za Kiarabu, na herufi nyingi za hati hizi mbili hazikaribiani kwa umbo. Yule binti nilimketisha barazani kwetu, mama yake akiwapo, nikampa kalamu ya risasi. Aliandika be, te na the kwa safu moja, akasema be ni ya kahawia kama B ya shuleni, te ni ya samawati, na the ni nyeupe, hali mwili wa herufi hizo tatu ni mmoja na kinachozitenga ni nukta tu. Nikamwandikia ٥, ambayo ni tano ya Kiarabu na kwa umbo ni duara kama sufuri ya shuleni. Alijibu pasi na kusita kwamba ni ya manjano, kwa kuwa tano ni ya manjano. Sufuri haina rangi. Wiki kadhaa baadaye nilimwuliza tena, na hakuna hata jibu moja lililobadilika.

Walimu na tujue pia mahali ambapo mtoto kama huyu hupata taabu. Imethibitishwa kwamba herufi ikichapishwa kwa rangi inayopingana na ile aionayo msomaji wa aina hii, yeye huchelewa kuitaja rangi iliyochapishwa. Misahafu ya tajwidi (kanuni za usomaji wa Kurani) inayotia madda, yaani sauti ya kuvutwa, wino mwekundu na ghunna, yaani sauti ya puani, wino wa kijani inawafaa wanafunzi wengi, na sisemi iondolewe; lakini mtoto anayelalamika kuwa herufi zinagombana apewe msahafu wa wino mweusi ahifadhi kwa raha. Chati za rangi za chekechea nazo si jambo dogo, kwani mtoto wa aina hii aweza kuchukua rangi zake huko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya watu zaidi ya 6,500 wenye hali hii, ulikuta kwamba wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na rangi zinazolingana na za herufi za sumaku walizochezea watoto wa huko tangu miaka ya 1970.

Tafiti nyingi nilizozitaja zimefanywa Ulaya na Marekani. Nawasihi wasomi wa vyuo vikuu vyetu vya Pwani waje Lamu, kwa idhini ya wazazi, wawasikilize watoto wanaojifunza hati mbili kwa wakati mmoja, kwani swali la ikiwa alifu hufuata rangi ya A kwa sauti yake au ya tarakimu 1 kwa umbo lake linaweza kujibiwa hapa hapa. Waje alasiri, asubuhi chuo huwa kitupu.

Mwalimu wa chuo,
Langoni, Lamu